Kalamu ya Mfalme: Makatibu wa Bani Israil na Makatibu wa Ziwa Victoria

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye hakuandika kwa mkono wake lakini alikuwa na makatibu aliowaamini, na ziwashukie Ahli zake na Sahaba zake wote.

Ama baad. Mwezi Aprili mwaka 1875, katika baraza la Kabaka Mutesa wa Buganda, ilifanyika kazi ambayo wengi wetu tulioko huku kusini mwa ziwa hatujaisikia. Mgeni Mzungu, Henry Stanley, aliyekuwa ameondoka Kageyi na mashua yake mwezi mmoja tu kabla, alimtajia Kabaka Amri Kumi za Nabii Musa (A.S.). Kijana mmoja wa mabaharia wake, Robert Feruzi, aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, akazitaja kwa Kiswahili fasaha. Akaketi katibu wa Kabaka, jina lake Idi, akaziandika kwa Kiganda. Kisha Kabaka akaamuru ziandikwe ubaoni awe akizisoma kila siku, kwa sababu, kama alivyoeleza Stanley mwenyewe, Mutesa alikuwa anaweza kusoma Kiarabu.

Msomaji atazame vizuri tukio hilo. Sheria waliyopewa Bani Israil, imetajwa na Mzungu, imefasiriwa na kijana wa Unguja, na iliyoiandika ni kalamu iliyofika Buganda pamoja na Waislamu. Imezoeleka kusemwa kwamba kusoma na kuandika kuliletwa katika nchi za ziwa na wamisionari. Lakini mmisionari wa kwanza alikuwa bado hajafika. Aliyekuwepo alikuwa katibu.

Swali letu katika makala hii ni moja: katibu wa mfalme ni nani, na amana yake ni ipi? Tutaanzia kwa Bani Israil wenyewe, kwa kuwa ndio waliotajwa ubaoni pale, kisha tutakuja katika sheria yetu, na baada ya hapo tutarudi ziwani.

Vitabu walivyonavyo Ahlul-Kitab vinawataja makatibu wa wafalme wa Bani Israil kwa majina, na msimamo wetu katika habari za namna hiyo unajulikana: yasiyothibitishwa wala kukanushwa na Qur'an na Sunna hatuyasadikishi wala hatuyakadhibishi. Wanasema Nabii Daud (A.S.) alikuwa na katibu aliyeitwa Seraya, na kwamba Nabii Sulaiman (A.S.) alikuwa na makatibu wawili, ndugu wa baba mmoja. Wanamtaja pia Shafani, katibu wa mfalme Yosia, katika karne ya 7 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Kitabu cha sheria kilipopatikana ndani ya nyumba ya ibada, Shafani ndiye aliyekipeleka kwa mfalme na kumsomea, na mfalme akararua nguo zake kwa hofu. Tazama nafasi aliyokuwa nayo mtu huyo. Mfalme ameisikia sheria ya Mola wake kwa ulimi wa katibu. Lau katibu angeruka mstari, ni nani angejua?

Na wanasimulia kinyume chake pia. Baruku aliandika kwa imla ya Yeremia, maandiko yakasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu wakati wa baridi, moto ukiwaka mbele yake. Kila zikisomwa safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni. Kisu chenyewe ni cha kuchongea kalamu. Baadaye Yeremia akatoa imla tena na Baruku akaandika upya. Kwa hiyo hata katika masimulizi yao wenyewe makatibu wa Bani Israil hawakuwa watu wa kunakili tu. Walisimama kati ya mfalme na mitume, kati ya mfalme na raia, na kati ya mfalme na wafalme wenzake.

Kwetu sisi barua ya kifalme iliyo mashuhuri kuliko zote imo ndani ya Qur'an, Sura An-Naml (27:28-31). Nabii Sulaiman (A.S.) anampa hud-hud barua ampelekee malkia wa Sabaa. Malkia anawaambia wakuu wake kuwa ameletewa barua tukufu, anataja imetoka kwa nani, na kwamba imeanza kwa Bismillah. Maneno yake ni machache mno: msinifanyie jeuri, na mnijie mkiwa mmesalimu amri. Maulamaa wamechukua hapo adabu za uandishi: jina la mtumaji lijulikane, jina la Mwenyezi Mungu litangulie, na maneno yasizidi haja.

Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyo na muhuri, akafanya pete ya fedha iliyochorwa jina lake. Makatibu wake walikuwa wengi: Zaid bin Thabit, Ubayy bin Kaab, Ali, Muawiya na wengineo, Mungu awawie radhi wote. Wawili kati ya makatibu wake wanatuhusu zaidi hapa. Wa kwanza ni Abdullah bin Arqam. Imepokewa kwamba uaminifu wake ulifikia kiasi cha Mtume (S.A.W.) kumwamuru aandike kwa mfalme fulani, aandike, apige muhuri, na barua iende bila kusomwa tena. Wa pili ni Zaid. Imepokewa na Tirmidhi na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na matumaini nao katika kuandika barua zake. Zaid akajifunza kwa muda wa nusu mwezi, ikawa yeye ndiye anayewaandikia na kumsomea Mtume zinapokuja barua zao.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtawala ambaye barua zake zinaandikwa na kusomwa na mtu asiyekuwa na hakika naye amemkabidhi mtu huyo ulimi na masikio yake. Dawa aliyotuonesha Mtume (S.A.W.) ni kumfundisha kijana wako mwenyewe maandishi ya wale unaoandikiana nao.

Ama katika fiqhi, mlango huu unajengwa juu ya Aya ndefu kuliko zote, Aya ya deni (2:282). Katibu aandike kwa uadilifu. Asikatae kuandika kama alivyomfundisha Mwenyezi Mungu. Mwenye kutoa imla awe ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mdaiwa, wala asipunguze chochote. Na akiwa hawezi, basi walii wake atoe imla kwa uadilifu. Na mwisho, katibu asidhuriwe wala shahidi. Masharti haya yameelekezwa kwenye madeni, lakini maulamaa wa adabu za kadhi wameyatumia kwa katibu wa mahakama na wa dola. Kwa upande wa pili iko Hadithi ya Jabir katika Sahih Muslim inayomlaani mla riba, mtoaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Katibu basi hawezi kujitetea kwa kusema "mimi niliandika tu". Kalamu inamshirikisha katika dhambi kama inavyomshirikisha katika thawabu.

Ama zile Amri Kumi, sidhani kama Idi alikuwa na tatizo nazo. Wako wafasiri waliozilinganisha na Aya za Suratul An-aam (6:151-153). Iliyobaki ni Sabato, nayo ilikuwa sheria ya Bani Israil.

Sasa turudi ziwani. Inaelezwa kwamba Mwarabu Ahmad bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna II mwaka 1844, na alikuwa wa kwanza kumtamkia Kabaka kwamba watu anaowaua wana Mola aliyewaumba. Suna alijifunza sehemu ya Qur'an kwake. Huku kwetu, Speke alipofika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kuliona ziwa kutoka juu ya kilima, alimkuta mfanyabiashara wa Kiarabu, Mansur bin Salim, amekwishatangulia. Popote alipofika mfanyabiashara wa namna hiyo, karatasi na kidau cha wino vilifika naye, maana biashara ya pembe kutoka pwani ni biashara ya mkopo, na mkopo hauendi bila hati.

Mutesa, aliyerithi kiti mwaka 1856, ndiye aliyeifanya kalamu kuwa kazi ya dola. Buganda ilikuwa na wajumbe wa Kabaka waliokwenda na neno lake mdomoni na kurudi na jibu mdomoni. Mutesa akajifunza Kiswahili na Kiarabu, akafunga Ramadhani kwa takriban miaka 10 kuanzia mwaka 1867, akawahimiza wakuu wake wasome. Ushahidi wake upo hadi leo katika lugha ya Waganda wenyewe, wakiwemo Wakristo wao. Kitabu wanakiita ekitabo, kalamu ekkalaamu, barua ebbaluwa, kuandika okuwandiika, na dini eddiini. Okusoma kwao ni kusoma, na pia ni kwenda kuswali au kusali. Neno linaingia pamoja na kitu chake. Asiyeamini kwamba kalamu ilitangulia na Waislamu awaulize Waganda jina lake.

Lakini kalamu ilimletea Mutesa hatari pia. Mwaka 1874 alifika Chaillé-Long, Mmarekani aliyekuwa akiitumikia Misri chini ya Gordon, na baadaye akadai kwamba Mutesa amekubali kwa mkataba kuwa chini ya Khedive Ismail. Mutesa mwenyewe hakutenda kama mtu aliyeitoa nchi yake. Mwaka uliofuata Stanley, kwa kalamu yake mwenyewe na kwa Kiingereza, aliandika barua ya tarehe 14 Aprili kwenda London akisema kwamba Kabaka anataka walimu wa Kikristo. Barua ilichapishwa katika gazeti la Daily Telegraph mwezi Novemba 1875, na wamisionari wa CMS wakaanza safari. Nani alitoa imla ya barua ile? Kwa kipimo cha Aya ya deni, mwenye haki juu yake ndiye atoe imla. Pale Mzungu alisema kwa niaba ya mfalme yale aliyoyafahamu au aliyoyataka yeye, na dunia ikayapokea kama ni maneno ya mfalme. Mmisionari Shergold Smith alipofika barazani mwaka 1877 aliulizwa kama anajua kutengeneza baruti na bunduki, na wakati huo Misri ilikuwa imekwishaleta askari wake mpaka mlangoni kwa Mutesa.

Nadhani Mutesa aliifahamu hatari hii kuliko wanavyomdhania wengi. Stanley alipoondoka, Kabaka alibaki na kijana mwingine wa shule ya wamisionari wa Unguja, Dallington Maftaa. Wao walimwona kama mwalimu wa Injili. Mutesa akamfanya katibu wa Kiingereza. Mwezi Februari 1876 aliandika kwa Gordon barua ambayo Mutesa anajitaja kuwa mfalme wa Uganda, Usoga na Karagwe. Kwa hiyo barazani palikuwa na kalamu mbili: ya khati ya Kiarabu kwa ajili ya Unguja na Waarabu, na ya khati ya Kizungu kwa ajili ya Gordon na Waingereza. Alichokuwa nacho Mutesa ni nusu ya dawa ya Zaid. Alipata wa kuandika maandishi ya wageni, lakini mtu mwenyewe alikuwa kijana wa wageni, hakuwa mtoto wa Buganda.

Na hapa ndipo Mwanza inapoingia. Kageyi, kijiji cha Wasukuma kwenye Ghuba ya Speke mashariki ya mji wa Mwanza wa leo, kilikuwa mlango wa ziwa kwa wanaotoka pwani. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na kufika Kageyi tarehe 27 Februari 1875, siku zaidi ya 100 kwa miguu. Barua ya Unguja iliyokwenda Buganda kwa njia hii ilipumzika hapo ikingoja mtumbwi. Mwenye chombo hapo alikuwa Songoro, Mwislamu mfanyabiashara aliyekuwa akiunda jahazi kwa mbao za Ukerewe.

Wamisionari wa CMS walipopiga kambi Kageyi mwaka 1877, ziliwajia barua za Mutesa zilizoandikwa na Dallington. Zilikuwa fupi. Amesikia wamefika, waje upesi, na mjumbe wake asirudi bila wao. Na katika moja wapo Mutesa anatuma salamu kwa watu watatu: Lukonge mtemi wa Ukerewe, Kaduma mwanangwa wa Kageyi, na Songoro. Barua ni ya Kiingereza, inakwenda kwa Waingereza, lakini adabu yake ni ya Kiswahili tupu: huandiki barua ikapita nyumbani kwa watu bila kuwasalimu wenye nyumba. Na salamu hizo zilikuwa siasa pia. Kwa mistari miwili Mutesa amewajulisha wageni kwamba anawajua wote wanaoshika pwani ya kusini, na amewajulisha hao watatu kwamba wageni hawa ni wake.

Mwezi Desemba mwaka huohuo ukatokea ugomvi kati ya Lukonge na Songoro kisiwani Ukerewe. Songoro akakimbilia kwa Shergold Smith na O'Neill, na wote watatu wakauawa na watu wa mtemi. Mwislamu na wamisionari wamelala ardhi moja. Salamu za Mutesa hazikutosha kuzuia hilo.

Haifai tuandike historia hii kwa kujisifu tu. Barua za zama zile zilihusu pembe, bunduki na watumwa, na makatibu wa Kiislamu waliziandika. Kwa kipimo cha Hadithi ya Jabir, aliyeandika hati ya kumuuza mtu huru aliyetekwa hana pa kuiweka kalamu yake. Na mwaka 1876, Mutesa huyuhuyu aliyewahimiza watu kusoma aliwaua vijana wa Kiislamu wapatao 70, baada ya wao kukataa kuswali nyuma yake kwa kuwa hakutahiriwa na kukataa nyama ya machinjo yake. Hakuna katibu aliyeweza kuwatetea. Ile Aya inayosema katibu asidhuriwe inahitaji mtawala anayeitii.

Basi ilikuwaje kalamu ikatutoka mikononi? Wengine husema ni Wazungu walitunyang'anya kwa nguvu. Mimi nauona mwanzo wake mapema zaidi, kabla ya bendera yoyote. Makatibu wetu walikuwa wa baraza na wa biashara. Mackay wa CMS, fundi mitambo aliyepitia Kageyi mwaka 1878 na kufika Buganda mwezi Novemba, alikuwa na mashine ndogo ya kupiga chapa. Alikata herufi na kuchapa karatasi za silabi, akazigawa kwa vijana wa kawaida. Wanafunzi wa makatibu walijifunza khati kwa kukaa na katibu miaka, wakati wanafunzi wa Mackay waliondoka na karatasi mfukoni. Alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa upande wetu huu, na mashine ikaendelea kuchapa Kiganda hapo hadi kifo chake tarehe 8 Februari 1890.

Mwaka 1888 Waislamu walikamata Buganda na kumtawaza Kalema. Ilikuwa ni fursa ambayo haikuwahi kutokea katika nchi hizi. Kalema aliwaua ndugu zake wa ukoo wa kifalme, jambo ambalo hakuna mwanachuoni anayeweza kulihalalisha. Kabaka aliyeondolewa, Mwanga, alikimbilia kwetu: kwanza Magu kwa Waarabu, kisha Bukumbi kwa mapadri wa Kifaransa. Katikati ya mwaka 1889 alimwandikia Mackay huko Usambiro kuomba msaada. Katika barua hiyo anatanguliza salamu nyingi, kisha baada ya salamu anaingia kwenye haja yake: yaliyopita yasahauliwe, Kalema amewaua ndugu zake, sasa ameijua dini ya Kikristo, na wakimrejesha watafanya watakalo. Namna ya kupanga maneno ni ileile ya barua za pwani. Aliyeandikiwa na aliyemwandikia ndio waliobadilika.

Wajerumani walipojenga kituo chao Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuta bado Kiswahili cha khati ya Kiarabu ndicho lugha ya barua. Mwaka 1892 Büttner alichapa huko Berlin mkusanyiko wa barua na hati za Kiswahili za khati hiyo ili maofisa wao wajifunze kuzisoma, na mwaka huohuo serikali yao ikafungua shule Tanga. Waliotoka shule hiyo waliandika Kiswahili hichohicho kwa herufi za Kizungu, wakaitwa makarani, wakapelekwa vituo vya bara. Mzee wa Kiislamu aliyetaka kumwandikia bwana shauri sasa alihitaji karani wa kumwandikia.

Limebaki suala la kifiqhi ambalo maimamu huletewa. Hati ya zamani ya deni, ya mahari au ya wakfu ikipatikana sandukuni, imeandikwa kwa khati, na warithi hawawezi kuisoma, je, haki iliyomo inasimama? Katika madhehebu ya Imam Shafi, kauli iliyo mashuhuri ni kwamba maandishi peke yake si hoja ya kuhukumia, kwa kuwa khati hufanana na huweza kughushiwa. Inahitajika ushahidi wa watu wanaokumbuka. Malik na baadhi ya wengine wamepanua zaidi katika kukubali ushahidi wa anayeitambua khati ya mwandishi. Kwa kauli yoyote utakayochukua, hatua ya kwanza ni kupata mtu mwadilifu anayeweza kuisoma hati hiyo neno kwa neno mbele ya warithi wote, na mwingine wa pili aisome peke yake bila kumsikia wa kwanza, kisha walinganishe. Ikionekana ni deni la marehemu na mashahidi wake wamekwishafariki, warithi wakubwa wanaolikubali watalilipa kwa kadiri ya mafungu yao, na fungu la mtoto mdogo haliguswi mpaka lithibiti. Wallahu aalam.